Masizi Kwenye Koo la Kauri

Nisemeni kwa mengine yote, usingizi, uvivu, hata ile tabia ya kumaliza maji ya moto bafuni, lakini mkono wangu ni mwepesi. Yai nikilishika halijui kama limeshikwa. Katika gereji yote ya mjomba hakuna kitu kilichowahi kuvunjika mkononi mwangu, na atakayebisha alete shahidi.

Ndiyo maana mjomba akaniachia silinda hedi ya lori. Kwa wasioijua, hiyo ni kofia ya chuma inayokaa juu ya injini, na hii ilikuwa na maringo yake: kila njia ya kutolea moshi imevishwa bomba la kauri kwa ndani, limejengewa humo humo tangu kiwandani, ili joto la moshi lisikipike chuma chote. Sisi tunaliita koo. Koo moja lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kwa maneno kazi ni rahisi: unasafisha ufa, unaujaza lipu ya kauri iliyokorogwa laini kama dawa ya meno, unaiacha ikauke taratibu, kisha tanurini kwa moto mdogo. Ukiwa na papara lipu inatoa malengelenge, inabanduka, na vipande vinakwenda kuitafuna turbo, ile feni inayozungushwa na moshi.

"Brashi na kijiti cha mbao," mjomba alisema huku akivaa shati la kutokea. "Chuma kisiguse kauri. Umenisikia, Daktari?"

Daktari ni mimi. Alinibatiza hivyo siku nilipoleta nyumbani alama za baiolojia ambazo hata mgonjwa mahututi angezikimbia.

"Mjomba, mimi na kauri ni damudamu."

"Hiyo damu ndiyo inayonitisha."

Alikuwa anakwenda kununua gasketi ya kuzibia kati ya hedi na injini. Dereva wa lori akamsindikiza mpaka mlangoni, mikono nyuma kama mshtakiwa. Jamaa mpole, tunamwita Breki kwa sababu hata kwenye tambarare anatembea kama anateremka mlima. Tajiri wake alitaka jibu moja tu kutoka kwa mjomba: koo limechakaa lenyewe, au dereva aliligonga kwa uzembe, likavunjika, akanyamaza? Kama ni uchakavu, Breki anaendelea na kazi. Kama ni uzembe, funguo mezani.

"Fundi, lori hili nalilea kuliko ninavyolelewa mimi nyumbani," Breki alisema.

"Ufa huu ni uzee tu, usihofu. Nikirudi nautazama mara ya mwisho, halafu nampigia."

Breki akaenda kusubiri nje kwenye lori lake. Mlangoni akabaki bibi yangu, mama yake mjomba, kwenye kiti kikuukuu cha lori tulichokipandisha cheo kikawa sofa. Huja kila siku kutusimamia, eti, na haichukui muda kidevu kinalala kifuani.

Nikaanza na brashi. Kaboni, ule moshi ulioganda kwenye koo, ikanicheka. Nikashika kijiti, kikachoka kabla yangu, kikakatika. Pembeni bisibisi ilikuwa imelala inaniangalia. Nikasema nichokonoe kidogo tu, kwa adabu.

Tik.

Haikuwa sauti kubwa. Ni ile ya kikombe cha wageni kinapoagana na mkono wake. Kipande cha ukubwa wa kucha kikaanguka, na pale kilipotoka pakabaki peupe pe, kama jino la mtoto.

Sasa hapo kuna jambo kila fundi wa kauri analijua. Pengo la zamani ni jeusi, moshi umeshalipaka. Pengo la leo ni jeupe. Njia ya heri ilikuwepo, ya kusema ukweli. Niliiona, nikaisalimia, nikapita. Nikachota masizi kwenye bomba la ekzosti kwa kidole gumba, nikalipaka lile pengo mpaka likazeeka papo hapo. Ungeliona ungesema lina wajukuu. Kipande nikakitia mfukoni.

Mjomba akarudi, akamulika tochi. Akaisogeza tochi karibu zaidi.

"Na hili pengo?"

"Nimelikuta, mjomba. Lilijificha chini ya kaboni."

"Jeusi," akasema. "La siku nyingi. Na uzee hupasua tu, haumegi kipande. Hapa paligongwa." Akainua kichwa. "Breki, njoo hapa."

Breki akaja, akachungulia, akachungulia tena.

"Fundi, hili silijui."

"Uliniambia unalilea. Hivi ndivyo mnavyolea huko kwenu?"

"Wallahi silijui."

"Kauri haihitaji kiapo, inajisemea yenyewe." Akatoa simu.

Hapo ndipo akili yangu, iliyokuwa imetangulia kunificha mimi, ikamkumbuka Breki. Nikajaribu kupoza. "Mjomba, si nilijaze lipu tu, yaishe? Tajiri atajuaje?"

"Lipu haishiki penye masizi, na mimi simdanganyi mtu kwa ajili ya dereva."

Simu ikaanza kuita. Breki hakungoja. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya meza taratibu, kama anamlaza mtoto. Nikafungua mdomo niseme. Kilichotoka ni, "Pole, kaka."

"Mwanangu," sauti ikatoka kwenye sofa, "kata hiyo simu."

"Mama, endelea kulala."

"Nitalalaje na mume wangu ananitia aibu mbele za watu?"

Mume wangu ni mimi. Ni utani wetu wa bibi na mjukuu, na kwa mara ya kwanza sikuuona unachekesha.

"Bibi, umeota," nikasema. "Na miwani yenyewe hunayo."

"Miwani ni ya kusomea. Bisibisi naiona bila miwani, na ule mlio niliusikia mpaka kwenye magego. Mwambie mjomba wako umeshika nini humo mfukoni."

Mjomba akakata simu. Breki akageuka kunitazama, polepole kama kawaida yake, na safari hii nilitamani achelewe zaidi. Nikatoa mkono wa kushoto, nikaukunjua mbele yao. Mtupu kabisa.

"Ule mwingine, mume wangu," bibi akasema.