Shimo Lililoshindiliwa

Maji ya paa letu yalianguka kwenye kona ya chumba cha mama, na kila mvua iliula msingi kidogo kidogo. Ufa ulianza kama uzi. Sasa vidole vyangu viwili viliingia. Mama amepooza upande mmoja, na chumba kingine hatuna.

Nikachimba bustani ya mvua, kama ile ya zahanati ninakofagia: shimo pana, kina cha goti, mbali na ukuta, na mfereji wa kuyapeleka maji huko. Udongo wa chini niliulegeza nikauchanganya na mchanga, ili maji yazame yaishe.

Mjomba, fundi wa kujenga, alinicheka. "Wenzako wakiona ufa wanaziba. Wewe unachimba shimo." Lakini nilipokwenda kazini alibaki, akanimalizia. Niliporudi matete yalikuwa yamepandwa, ukingo umenyooka kama rula. Nikamshukuru.

Mvua ikaja siku ya tatu, mchana. Maji yakafuata mfereji, yakaingia shimoni, yakajaa. Nikasubiri yazame. Hayakuzama. Yakaanza kurudi na mfereji uleule, taratibu, kuelekea ukutani.

"Mjomba, kule chini ulifanya nini?"

"Nilishindilia. Tabaka tatu, mpaka kisigino hakiachi alama."

"Nani alikwambia ushindilie?"

"Mpwa wangu, nimejenga miaka thelathini. Fundi gani anaacha udongo umelegea?"

Kuubomoa ukingo ili maji yatoke nisingeweza. Mteremkoni chini yake kuna jiko la jirani. Nikachukua mtaimbo, nikaingia majini mpaka mapajani, nikachoma chini kwa kukisia. Ulidunda kama kwenye sakafu. Mjomba akaingia na sururu, akapiga pale aliposhindilia mwenyewe.

Mama akaita kutoka ndani. "Jamani, huku kunadondoka mchanga."

"Mtoe," nikamwambia mjomba.

"Na wewe?"

"Mtoe, mjomba."

Nikachoma. Nikachoma. Mikono ikachubuka, matete yakang'oka yakaelea. Mtaimbo ukazama ghafla, mapovu yakapanda. Nikatoboa pengine, na pengine.

Kona ilianguka mjomba akiwa ameshavuka kizingiti, mama mgongoni, khanga imemfunika kichwa. Matofali yalilala kitandani, pale pale alipokuwa amelala yeye. Mvua ikaingia chumbani.

Tulisimama chini ya bati la jikoni kwetu. Mjomba hakuinua macho.

"Yanazama?" mama akauliza.

Nikatazama shimo. Alama ya tope ilikuwa imebaki ukingoni juu ya maji, upana wa kiganja.

"Yanazama, mama."