Filamu ya Torfi na Taa za Bondeni

Mimi ndiye niliyeng'ang'ania mapumziko yawepo. Torfi mwanangu hakuyataka kabisa. Alisema filamu ya kutisha ni sawa na mkate ulio kwenye tanuri, ukifungua mlango katikati unanywea.

Nikamwambia, "Wewe! Watu watoke mashambani kwenye theluji, wakalie vile viti vya mbao vya ukumbini, halafu uwanyime kahawa? Nchi hii hata filamu za Wamarekani tunazikata katikati watu wanyooshe miguu. Ya kwako ina nini, imeota pembe?"

Mwenyekiti wa chama cha akina mama ni mimi, na birika la ukumbi liko mikononi mwangu. Basi mapumziko yakawepo.

Lakini kilichokuwa kinaninyima raha hakikuwa kahawa. Torfi alikuwa amemaliza ujana wake kwenye filamu hiyo, kila msimu wa baridi akitupiga picha kwa kamera ya kuazima, sisi majirani ndio waigizaji wake. Na kule mashariki, kiwanda cha aluminiamu kilimtaka atoe jibu la kazi kabla ya mwaka kwisha. Mwaka wenyewe ulikuwa unakwisha siku hiyo hiyo ya maonyesho.

Asubuhi tukila uji aliniambia, "Mama, leo watu wa bonde ndio wataamua. Wakiikataa, jioni nawapigia simu kiwandani, kamera nairudisha kwa mwenyewe, nahamia huko. Na habari ya filamu usinitajie tena."

Akainuka, uji hajaumaliza. Mtoto huyu si wa maneno mengi. Marehemu baba yake alikuwa vivyo hivyo, akisema anaacha, ameacha. Nilibaki na bakuli langu na lile jumba letu kubwa, nikaona mwaka mpya mzima nikila uji peke yangu.

Filamu yenyewe ni ya mwanamke wa shamba, zamani za taa za mafuta, anayedharau desturi ya bibi zetu. Bibi zetu siku ya mwisho wa mwaka walifagia nyumba, wakawasha taa kila chumba, kisha wakazunguka wakisema, "Anayetaka kuja na aje, anayetaka kwenda na aende, anayetaka kukaa na akae, mradi mimi na wangu tusidhurike." Kwa sababu usiku huo wale wenzetu wa miambani, wasioonekana, wanahama, na njiani wanaweza kupitia kwako. Ukiwasemesha kwa adabu, mnaachana kwa heri. Siku hizi nani anajisumbua? Tuna umeme na fataki. Mwanamke wa kwenye filamu naye hajisumbui, anazima taa anakwenda kulala na mtoto wake mdogo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini huyo mgeni aliyeingia kwake hakuja kumponya mtu.

Na mgeni huyo ni mimi. Ndiyo, mimi Hallfríður, mjane mwenye magoti mabovu, nimepakwa unga wa ngano usoni na kufunikwa blanketi la farasi. Damu ilikuwa jemu iliyotiwa maji. Upepo ulitoka kwenye feni ya kukaushia nyasi ghalani. Sasa wewe sema, nani angeogopa kitu kama hicho?

Saa tisa alasiri ukumbi ulijaa hadi mlangoni, nje bado kuna weupe kidogo juu ya mlima. Safu ya mbele alikaa Gunnsteinn, mfugaji wa kondoo na mkuu wa kikosi chetu cha uokoaji, jitu la miraba minne ambalo liliwahi kushuka kwenye ufa wa barafu likamtoa mtalii. Pembeni yake Bergljót, jirani wa ukumbi, bibi anayekosoa hata mahubiri ya Krismasi. Mimi nilisimama kwenye dirisha la jikoni na birika langu. Torfi alikuwa nyuma kabisa, kando ya projekta, mikono kwapani.

Hazikupita dakika nyingi wakaanza.

"Bergljót, hilo pazia si la kwako?" Gunnsteinn akapaza sauti.

"Langu! Na niliambiwa litarudi limepigwa pasi!"

Ukumbi ukacheka. Mara mzuka ukapita dirishani, ukiburuta blanketi.

"Jamani, mzuka umevaa gambuti!"

"Za Hallfríður hizo, mimi najua kile kiraka!"

"Na lile gari la posta limepita kule nyuma! Zamani za taa za mafuta, na posta ya alasiri!"

Walicheka mpaka wengine wakapiga mapaja. Kila kicheko nilimtazama mwanangu, nikaona shingo inazidi kuzama mabegani. Nilitamani kummwagia Gunnsteinn kahawa kichwani, tena ya moto. Watu wenyewe ndio hao hao waliotuazima mapazia, leo wanayacheka!

Kisha kikaja kimya. Ilikuwa pale mwanamke anapoamka gizani na kusikia kiti kinavutwa jikoni, taratibu, kama mtu aliyerudi kwake kula. Mzuka umekaa mezani, umempa mgongo. Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyekohoa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mimi wakati ule sikukumbuka wahenga. Nilijisemea, basi, wamechoka, hata wa kutania hakuna tena. Picha ikafika kwenye dirisha jeusi la ile nyumba, taa za ukumbi zikawashwa. Mapumziko.

Walikuja wakapanga foleni bila neno. Watu ambao wakikutana kwenye kahawa huwezi kupenyeza hata neno! Nikamuuliza Bergljót, "Unaionaje?"

"Kahawa yako nyepesi," akasema, macho yako sakafuni.

Gunnsteinn alichukua andazi la kusokota, akalishika tu. Alikuwa akitazama nje ya dirisha.

"Kumeshaingia giza," akasema.

"Mwezi huu giza linaingia kila siku saa hizi. Kula."

Akaliweka andazi mezani, akavaa koti. "Nimesahau kitu nyumbani." Mkewe akamfuata mbiombio. Mwingine akakumbuka jiko, mwingine bomba, mwingine ng'ombe wake hajisikii vizuri. Bergljót sikumwona hata alivyotoka. Magari yakaunguruma huko nje, moja baada ya jingine, na nilipogeuka ukumbi ulikuwa umebaki na mpiga kinanda wa kanisa peke yake, naye amesinzia tangu mwanzo.

Torfi akaja mpaka dirishani pangu. Alizitazama bilauri na vikombe, kahawa bado inatoa moshi.

"Nilikwambia tusiweke mapumziko, Mama."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana liliniingia hadi mfupani. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango! Wangekaa kwenye giza lao bila kahawa wangeshindwa kutoka, wangeimaliza, pengine wangeipenda. Ulimi wangu huu.

Akatoa simu mfukoni.

"Torfi, ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Nabii hakubaliki kwao, sawa, lakini huyo angalau alirushiwa mawe. Mimi wameniacha tu kama basi lililokwisha mafuta."

Nikampokonya simu, nikaitumbukiza kwenye mfuko wa aproni. "Usiiguse hiyo projekta. Nakuja."

Nikatoka hivyo hivyo bila koti. Hasira zilinitosha kwa joto. Nilianza na Bergljót kwa sababu nyumba yake iko hatua chache tu, na njiani nilimpangia maneno ambayo mkristo hapaswi kumpangia mwenzake siku kama ile. Sikubisha hodi. Nilisukuma mlango.

Nyumba ilikuwa inawaka kila kona. Taa ya jikoni, ya sebuleni, ya chooni, ya stoo, hata ya ndani ya tanuri. Bergljót mwenyewe alikuwa ameinama na tochi, anamulika chini ya kitanda. "Anayetaka kwenda na aende," alikuwa akisema, "na aende, na aende, jamani na aende..."

"Bergljót!"

Aliruka na kunirushia kiatu. Kilinipata begani.

"Mungu wangu! Usinijie hivyo! Tena wewe! Wewe hasa!"

"Umeiacha filamu ya mwanangu uje kumulika uvungu?"

"Niliacha nyumba giza, Hallfríður! Yale maneno sijayasema tangu mama yangu alipofariki. Halafu wewe umekaa pale mezani, umenipa mgongo, unavuta kile kiti..."

"Yule ni mimi! Na gambuti zangu! Si ulicheka mwenyewe?"

"Nilicheka mwanzoni." Akajifuta jasho. "Baadaye sikuziona tena gambuti."

Maneno yote niliyompangia yakanitoka kichwani.

"Mnaendelea saa ngapi?" akauliza. "Msithubutu kuanza bila mimi. Nataka kujua kama yule mtoto anapona."

Nikatoka barazani, nikatazama bondeni. Ng'ambo ya mto nyumba ya Gunnsteinn ilikuwa inawashwa, dirisha baada ya dirisha. Kisha zizi la kondoo. Kisha ghala. Kisha trekta, taa zote za mbele, limesimama uani peke yake linamulika theluji. Shamba la jirani yake likafuata, na lile la juu, na yale ya kule mwisho ambako sijawahi kuona zaidi ya taa moja tangu niolewe. Bonde zima, watu walikuwa wanazunguka nyumba zao wakiwasha taa. Nililia, nasema kweli.

Nilirudi mbio, magoti hayo hayo mabovu. Nikamkamata Torfi mkono wa sweta, nikamvuta hadi nje.

"Tazama."

"Nitazame nini?"

"Bondeni, mtoto wewe!"

Akatazama. Alichelewa kidogo kuelewa, maana huzuni humfanya mtu mzito.

"Wanawasha taa," akasema polepole.

"Wanawasha taa! Hawakukukimbia wewe. Wamemkimbia yule!"

"Yule nani?"

"Mimi!"

Alicheka mpaka akakaa kwenye theluji na suruali yake nzuri. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba wa baba yake. Nikamwacha acheke.

Wakaanza kurudi. Gunnsteinn alishuka garini na mkewe, mama mkwe wake, na mbwa wawili.

"Mbwa nao?" nikamuuliza.

"Walikuwa wapweke."

"Wewe uliyeshuka kwenye ufa wa barafu?"

"Kule kulikuwa na mtalii tu, shemeji. Tena alikuwa anaongea."

Nusu ya pili waliitazama wamebanana safu za katikati kama kondoo wakati wa dhoruba, viti vya pembeni vitupu. Gambuti zilipita tena mara mbili tatu. Hakuna aliyezitaja. Mtoto alipopona, Bergljót alishusha pumzi ambayo ukumbi mzima uliisikia, na mbwa mmoja akabweka.

Baadaye, kwenye kahawa ya pili, ndimi zikarudi. Bergljót akasimama mbele ya Torfi.

"Pazia langu halijapigwa pasi. Sauti inakwaruza. Yule uliyemfanya mchungaji anaongea kama amejaza viazi mdomoni. Gari la posta ni aibu." Akanywa funda. "Sasa, nyingine lini?"

"Nami nipe nafasi ya kufa," Gunnsteinn akadakia. "Ila mchana."

Torfi akanigeukia, akanyoosha kiganja. Nikaitoa simu kwenye aproni nikampa, roho mkononi. Akaandika maneno machache, akatuma, kisha akanionyesha. Aliwaandikia kiwandani: Asanteni, lakini siji.

Tuliondoka wa mwisho, baada ya kuosha vyombo. Bonde lote lilikuwa linang'aa. Mahali pamoja tu palikuwa peusi, kule mwisho wa barabara. Torfi alizima gari uani, tukakaa tukiyatazama madirisha yetu.

"Mama, hukuacha hata taa moja?"

"Tulitoka mchana. Nenda kawashe."

"Nyumba ni ya nani?"

"Filamu ni ya nani?"

"Na mzuka ni nani?"

Tukaingia pamoja, tumeshikana mikono kama watoto wanaokwenda shule siku ya kwanza, yeye anabonyeza swichi, mimi nasema yale maneno kwa sauti ya kanisani. Sebule, ngazi, vyumba vya juu, chumba cha baba yake. Jikoni tuliacha mwisho.

Taa ilipowaka, kiti kimoja kilikuwa kimevutwa nje ya meza. Nilijua ni Torfi aliyekiacha hivyo asubuhi, na bakuli la uji ule ule lilikuwa pale mbele yake. Nilijua kabisa. Hata hivyo nilisimama mlangoni nikaanza upya.

"Anayetaka kuja na aje. Anayetaka kwenda na aende." Nikalitazama lile bakuli. "Anayetaka kukaa na akae."

Torfi akanipita, akakivuta kile kiti, akaketi.

"Basi nimekaa," akasema. "Mama, tunakula nini?"