Ng'ombe Arobaini na Watatu

Rehana alichomoa karatasi kwenye printa, akaipuliza, akampa Kija. "Ukirudi na kosa jingine leo, nakuajiri humu humu dukani."

Kija alicheka kwa adabu tu. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa akipiga miguu kati ya stationery hii ya Bariadi na ofisi ya vibali. Mara nafasi ya pembeni ni ndogo, mara barua haikuanza na "Ndugu". Sasa ilikuwa saa saba. Saa kumi jioni mfumo wa chuo ungefungwa, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye hajapakia pendekezo la utafiti lenye muhuri angerudia mwaka.

Wenzake wa sosholojia walichagua mada laini laini. Yeye alichagua neno moja: kaya. Kwenye fomu za maofisini, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Kwa Msukuma, kaya ni mji mzima, nyumba zote za ukoo pamoja na zizi lao. Mama yake Apolonia, mjane, ana kibanda na jiko lake kwenye mji wa shemeji yake Machibya, kule Nkoma. Miaka miwili nyuma walikuja vijana wenye vishikwambi kuandikisha watu wa kusaidiwa. Wakamwuliza, "Kaya yenu ina ng'ombe wangapi?" Mama ni mtu wa kanisani, hakutaka kuficha hata ndama. Akajibu: arobaini na watatu. Wote wa Machibya. Yeye hata maziwa yao huyapata kwa kuomba.

Jina lake likakatwa. Alipokwenda kueleza kwamba hana hata mmoja, akaambiwa mbele ya mkutano wa kijiji kuwa ni mwongo, leo anasema hivi, kesho vile. Njaa mama aliijua. Kuitwa mwongo kulimwumiza mpaka akaacha kwenda hata jumuiya ya kanisani. Ndiyo maana Kija alimwahidi: utakuwa wa kwanza kuhojiwa, utaeleza yote, na yataandikwa.

Ofisini, Bwana Sylvester alisoma kichwa cha utafiti huku akitafuna karanga. "'Maana ya neno kaya na makosa katika uandikishaji.' Makosa ya nani?"

"Ya neno, baba. Dodoso linauliza kitu kimoja, watu wanajibu kingine."

"Hapana, binti. Hapa unasema wataalamu walikosea. Mimi nikigonga muhuri, nimesema na mimi." Alichukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya karatasi safi ya Kija: *Sababu za wananchi wa vijijini kutoa taarifa zisizo za kweli.* "Leta hii, nasaini sasa hivi. Tena ni tamu zaidi."

"Lakini hawakudanganya."

"Si ndiyo utafiti wenyewe? Nenda ukathibitishe." Akarudi kwenye karanga zake.

Kija alimpigia msimamizi wake, Dokta Faraja, akiwa amesimama juani nje ya mlango. Alimweleza yote. Dokta hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. "Kija, chuo hakitamsubiri mtu. Badilisha, umalize. Mada yako utaifanya ukisoma masters."

Masters! Mtu ambaye mama yake anapika mlenda bila chumvi.

Rehana alichapa kichwa kipya bila kuuliza kitu, uso wa mteja wake ulikuwa umeshamwambia. Maswali nayo yakabadilika ili yafuate kichwa. Saa tisa na nusu muhuri uligongwa. Saa kumi kasoro dakika saba pendekezo lilipokelewa, na simu ikamwandikia Kija "Hongera". Alikaa kwenye benchi la duka akalia, na Rehana akashusha pazia la mlango ili wapita njia wasione.

Alifika Nkoma jua likizama. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya kibanda, ameoga, amevaa kitenge cha Jumapili. Kiti pekee chenye mgongo alikuwa amekifuta na kumwekea mwanawe.

"Mwadila, mayu," Kija alimsalimia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanone. Umechelewa. Nimejipanga tangu mchana. Nianze na siku ile ya vijana, au na ule mkutano?"

Kija alitoa dodoso. Alitamani kusema limesahaulika mjini, lakini huyu mama hakuwahi kumfundisha uongo. Akamweleza yote, kalamu nyekundu na saa kumi. Mama alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Haya, soma swali."

"Mama, si lazima..."

"Soma, mwanangu."

Kija alisoma bila kuinua macho. "Je, umewahi kutoa taarifa zisizo za kweli wakati wa kuandikishwa? Ndiyo, au hapana."

Ng'ombe wa Machibya walikuwa wakiingia zizini, vumbi lao likawafikia. Mama aliwatazama mpaka wa mwisho.

"Nikisema hapana, itaharibika?"

"Kichwa kinataka waliodanganya. Watasema sikupata watu wa kuhoji."

"Na nikisema ndiyo, utamaliza chuo?"

"Nitamaliza."

"Basi andika ndiyo."

Kija akaweka alama ya vema.