Kichwa cha Nyonga ya Mama

"Tatizo ni kichwa," daktari wa mifupa alisema. "Kichwa cha mama ni kidogo mno."

Damu ikanichemka. Mama kalala kitandani, nyonga ya bandia imeteguka mara ya pili tangu awekewe, na huyu bwana anamtukana mbele yangu!

"Kidogo vipi?"

"Kinachomoka kwenye kikombe."

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Hata mama alijipapasa kitambaa cha kichwani. Daktari akacheka, akatoa mpira wa chuma na kibakuli cha plastiki, akanipa nishike. Kumbe kichwa ni huo mpira wa juu ya paja, na kikombe ndimo unamozunguka.

"Tukiweka mpira mkubwa, hautoki ovyo hata akiinama," akaeleza. "Lakini ili uenee, plastiki lazima iwe nyembamba, na nyembamba hulika haraka. Pengine baada ya miaka kumi tumfungue tena. Mdogo utadumu, ila asiiname kabisa."

"Basi abaki na mdogo," nikadakia. "Mama, acha kuinama. Kwani unatafuta nini huko chini?"

Mama akainyoosha shuka yake.

"Namvalisha baba yako viatu."

Sikuelewa. Sisi watoto tuliambiwa aliteleza bafuni, mara zote mbili, na mimi nikanunua zulia la mpira kwa mbwembwe zote.

"Nitamvalisha mimi."

"Ukimgusa miguu atapiga kelele, mwanangu. Hakujui tena. Juzi kaniuliza, yule mwanamke anayekuja Jumapili ni nani."

Yule mwanamke ni mimi. Baba huniita "mgeni" nikiingia, nami hucheka nikidhani ananitania kwa kuadimika kwangu. Nilibaki nimeshika kile chuma, sijui nimkasirikie nani: mama aliyeficha, baba asiye na kosa, au mimi niliyekuwa nikicheka. Iliniuma, na sikujua hata pa kuangalia.

"Weka mkubwa, daktari," mama akasema.

"Mama, miaka kumi si mingi! Upasuliwe tena na uzee huo?"

Akanitazama kwa upole, kama vile mimi ndiye mgonjwa.

"Baba yako hajabakiza miaka kumi," akasema. "Nikishamaliza kumvalisha, wacha hicho kikombe kiishe."