Ndara za Mke wa Fundi Vitasa

Chumba cha tafakuri cha Wabudha kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo. Kila Jumamosi alasiri watu walivua viatu kwenye ngazi, wakavipanga ukutani, wakaingia pekupeku. Fundi vitasa alipofika mara ya kwanza alivua vyake, kisha akakagua mlango kabla ya kumtazama mtu yeyote. Haukuwa na kitasa. Hata komeo halikuwepo. Jambo hilo halikumpendeza.

"Karibu, kaka," alisema mtawa, mwanamke mnene aliyenyoa kichwa. "Kaa popote. Chai baadaye."

Hakuna aliyemwuliza jina wala shida yake. Akakaa akiwapima mmoja mmoja: mshona mapazia, mwalimu mstaafu, muuza vioo wa pale chini. Watu hawawi wema hivi bila sababu. Mke wake alikuwa akija hapa tangu mvua zianze, akirudi nyumbani ametulia, akitabasamu huku anaosha vyombo. Ukimwuliza anacheka nini, anasema hachekei kitu. Fundi alimpenda mkewe, tena sana, na mapenzi hayo yalimnyima usingizi. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza. Basi akatia kitasa kipya kwenye mlango wa nyumba, kinachofunguka kwa nje tu, akaja mwenyewe kumtafuta huyo mwanamume aliyemshuku.

"Pumzi ikiingia, jua imeingia," alisema mtawa. "Ikitoka, jua imetoka. Usiizuie."

Fundi akafumba jicho moja.

Kimya kilipotanda, ngazi zikalia pa, pa, pa. Zikaingia ndara za buluu, ukanda wa ile ya kushoto umeshonwa kwa uzi mwekundu. Hazikuvaliwa na mtu. Zikavuka chumba kwa mwendo wa aliyechelewa na anaona haya, zikapanda kwenye mto ulio karibu na dirisha, zikatulia.

"Viatu vinaachwa nje," alinong'ona mshona mapazia.

"Hana kingine cha kuja nacho," alisema mtawa. "Mwache. Karibu, dada."

Fundi alizitambua. Ule ukanda aliushona mwenyewe, siku mkewe alipojikwaa sokoni. Akatazama nani anakaa jirani na mto ule. Upande mmoja alikuwa mtawa, upande wa pili ukuta. Akautazama ukuta kwa muda mrefu.

Chai ilipokuja, mwalimu mstaafu aliweka kikombe mbele ya ndara.

"Hizo ni za mke wangu," alisema fundi.

"Tunajua. Hajambo?"

"Hajambo. Yuko nyumbani, nimemfungia."

Mwalimu alikoroga chai yake. Muuza vioo akatazama dirishani.

"Kwani si nilifunga ndoa?" alisema fundi, ingawa hakuna aliyembishia.

"Ulifunga ndoa, kaka," alisema mtawa taratibu. "Ndoa." Halafu, kwa kuwa walikuwa watu wapole, wasiopenda kumkwaza mgeni, akamsogezea sukari.

Fundi alizibeba ndara kwenye mfuko wa vifaa, na njia nzima zilikuwa zikigonga bisibisi. Alimkuta mkewe ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu mitupu.

"Wanakusalimu."

"Nimewaona," alisema mkewe. "Nifungulie basi mume wangu, nikae hata barazani."

"Nje kuna watu," alijibu fundi.

Akazifungia ndara kabatini. Kisha akapigilia kipande cha mpira chini ya mlango, kuziba ule upenyo. Kazi ilikuwa safi, hata mwanga haukupita.

Jumamosi iliyofuata aliwahi kufika. Walimpokea vizuri kuliko mwanzo, wakamwekea mto mnene. Kimya kilipotanda, ngazi hazikulia. Mlangoni pakatokea unyayo wa maji, kisha mwingine, wa miguu mitupu ya mtu aliyeacha kufua katikati. Nyayo zikavuka sakafu hadi dirishani. Mto ukabonyea.

"Karibu, dada," alisema mtawa.

"Afadhali leo amevua viatu," alinong'ona mshona mapazia, akaridhika.

Wote wakafumba macho. Fundi naye akafumba, safari hii yote mawili, akavuta pumzi. Ikaingia, akajua imeingia. Akapapasa mfukoni, akaukuta ufunguo, ndipo akaiachia itoke.