Faili Mia Nne za Bismillahi

Mume wangu, Mwalimu Soud, ni mtu wa kumbukumbu. Si kumbukumbu za kichwani. Hizo alikwisha kuziaga zamani. Yeye huandika. Alisomesha jiografia miaka thelathini na moja hapa Chake Chake, na tangu astaafu kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta kwenye chumba cha mbele, anaandika kila lipitalo: nani kazaliwa, nani kaoa, mkarafuu upi umeanguka mwaka gani. Muulize jambo la juzi, atakujibu, "Limeandikwa, Bi Rahila." Muulize limeandikwa wapi, hapo ndipo shughuli inapoanza.

Mimi sikuwa na haja na maandishi yake mpaka ilipobaki wiki moja binti yetu aolewe.

Binti yetu ni mmoja tu, Nusaiba. Mchumba wake, Fahmi, ni karani wa mizigo bandarini Wesha, kijana mtulivu, asili yake Kojani, mama yake alikwisha kutangulia mbele ya haki. Nikah ilikuwa Ijumaa. Jumamosi ya kabla yake wanawake walijaa uani kwangu kuchagua mchele, na miongoni mwao alikuwa Bi Mgeni, bibi wa upande wa Fahmi, aliyevushwa kutoka Kojani kwa heshima zote ili aje atubariki. Alitubariki kweli.

Alimtazama Nusaiba anapita na sinia, akaniuliza, "Ndo huyu alokuja kwetu na Mwanapili, kachanga hata macho hayajafumbuka vyema?"

Nikamwambia ndiye. Nilipomzaa Nusaiba niliugua nikakaribia kufa, nikakimbizwa hospitali Unguja, na Mwalimu akafuatana nami. Siku kumi na nane. Mama mkwe wangu, Bi Mwanapili, alimchukua mtoto akenda naye kwao Kojani. Niliporudi nikamuuliza mtoto alikuwa akila nini, akanijibu, "Kashiba, mshukuru Mungu." Nikashukuru. Miaka yote nikijua ni maziwa ya kopo.

"Maziwa ya kopo Kojani mwaka ule yatoke wapi, mwanangu?" alisema Bi Mgeni, mikono bado imo kwenye mchele. "Alinyonyeshwa. Nyumba ile walikuwamo wawili wenye watoto wachanga, Rahma na Masika. Mmoja wao ndo alompa. Yupi, mie sikumbuki, nilikuwa shamba."

Mikono yote uani ilisita isipokuwa ya kwake. Masika ndiye mama yake Fahmi.

Kila aliyekaa pale alijua maana yake. Mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano za kushiba, watoto wa mwanamke yule ni nduguze, na ndugu haoani na ndugu. Ikiwa ni Rahma, hapana neno, mchele uendelee kuchaguliwa. Ikiwa ni Masika, hapana arusi. Na wote wawili, Rahma na Masika, wamo makaburini hawaulizwi.

Tulimwendea Shehe Hafidh wa Pujini, aliyekuwa afungishe ndoa. Akatusikiliza, akasema, "Shaka peke yake haithibitishi kitu. Bi Mgeni mwenyewe hajui ni nani. Ndoa yafaa. Ila ajiepushaye na shaka ameihifadhi dini yake."

Mwalimu alishika nusu ya kwanza, akafurahi. "Basi tuache lilivyo," aliniambia njiani. Mimi nilishika nusu ya pili. Nawajua watu wetu. Watalisema siku ya arusi, watalisema mtoto akizaliwa, na mtoto akipata homa watalisema kwa sauti. Nilitaka karatasi ya kuwabandika mdomoni. Tena nilikuwa na yakini kuwa ni Rahma. Rahma alikuwa jimama, mkarimu, kila mtoto wa Kojani kakaa mapajani pake. Masika alikuwa mwembamba, mgonjwamgonjwa, maziwa ya kumgaia mtoto wa watu angeyatoa wapi? Hesabu yangu ilikuwa hiyo, na sikumuuliza mtu kama ni sahihi.

Ndipo Mwalimu akakumbuka, maskini, kwa kutaka kuniridhisha. "Mama aliniandikisha," akasema. "Mwaka ule kabla hajafa, sasa miaka kumi na moja. Watoto wote waliolelewa Kojani na waliowalea. Limeandikwa."

Sijapata kumpenda mume wangu kama dakika ile. Mapenzi yalidumu mpaka tulipofika nyumbani akawasha kompyuta.

Aliandika "Kojani" kwenye kile kisanduku cha kutafutia. Kompyuta ikajibu hapana kitu. Akaandika "watoto". Hapana kitu. Akaandika jina la mwanawe mwenyewe, hapana kitu. Nikamwambia fungua hilo kabati lako la maandishi tutazame kwa macho. Akafungua. Faili mia nne na kumi na mbili, na zote jina lake moja: Bismillahi Rahmani Rahim. Bismillahi Rahmani Rahim namba mbili. Bismillahi Rahmani Rahim namba tatu. Hivyo hivyo mpaka chini.

"Mwalimu," nikasema taratibu, "hii ni nini?"

"Sasa mtu aanze kuandika bila ya bismillahi?" akaniuliza, kwa mshangao wa kweli.

Kumbe kompyuta, ukiiambia hifadhi bila kuipa faili jina, huchukua mstari wa kwanza ukawa ndio jina. Na mstari wa kwanza wa Mwalimu Soud haujapata kubadilika tangu chuoni. Ameandika barua ya malalamiko ya maji, bismillahi. Ameandika dawa ya mchwa, bismillahi. Ukitafuta bismillahi zinakuja zote mia nne kwa mpigo, ukitafuta jengine lolote haiji hata moja. Tumemiliki kompyuta ya kumcha Mungu kuliko zote Pemba, na haina faida kwa mja.

Tukaanza kufungua moja moja. Kompyuta yenyewe mzee, faili moja inafunguka kwa muda wa kumenya muhogo. Kufika adhuhuri ya Jumapili tumesoma ishirini na sita, nazo zote ni mvua za masika za miaka iliyopita. Nusaiba alikuwa amekaa nyuma yetu, amepakata mkoba wa madaftari ya wanafunzi wake, hakusahihisha hata moja. Nilimuona anafuata kila ukurasa kwa midomo. Moyo ukaniuma, nikampigia simu Nyange.

Nyange ndiye fundi wetu, mtu mzima, ana kiduka cha fotokopi karibu na soko. Alikuja Jumatatu asubuhi, akanywa chai kwanza, ndipo akakaa. Akabonyeza huku na huku akacheka.

"Mwalimu, mashine yako ni nzima. Tatizo liko kwenye faharasa. Kitabu kikiwa na faharasa nyuma, ukitaka neno unatazama ukurasa wake. Kompyuta nayo hujitengenezea yake, inasoma faili zote kimyakimya, inaweka orodha ya maneno. Ya kwako imezimwa. Inatazama majina ya nje tu, ya ndani haijui."

"Kaizima nani?" nikauliza.

Nyange akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama dirisha. Miaka miwili nyuma aliisikia kompyuta inavuma wakati hakuna anayeitumia, akaona inakula umeme wa bure, akaingia humo ndani akatafuta kinachovuma akakizima. Siku ile aliniita nije nione ilivyotulia, nami nikamsifu.

"Tena faili zako umezihamishia sehemu ya pili, D," akaendelea Nyange. "Hata ingekuwa inawaka, huko haikuambiwa iende." Akaiwasha ile huduma ya faharasa, akaiongeza D kwenye orodha ya mahali pa kusoma, akaiamuru isome na ya ndani, si majina peke yake, kisha akaiambia ijenge faharasa upya. Pakatokea tarakimu inahesabu: imesoma arubaini, imesoma arubaini na moja.

"Itachukua siku moja au mbili kwa mashine hii," alisema akichukua viatu vyake. "Muiache. Musiiguse."

Kumwambia Mwalimu Soud asiiguse kompyuta ni kumwambia paka asitazame samaki. Kila robo saa alikuwa anatikisa kipanya ili aone imefika wapi, na kila akitikisa panatokea maandishi. Mimi Kiingereza changu cha shule, nikamwambia Nusaiba anisomee.

"Inasema inakwenda polepole kwa sababu kuna mtu anaitumia," akasoma.

"Nani anaitumia?" akauliza Mwalimu, kipanya kimo mkononi.

Jumanne nzima ilikwenda hivyo. Ikifika mia moja anaitikisa aone kama imefika mia moja na moja, nayo kwa adabu inasimama imsubiri. Mwisho nilimtoa chumbani nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Mtu wa miaka sitini na tisa akawa anazunguka upenuni anachungulia dirishani. Nikacheka, wallahi nilicheka. Nusaiba naye alicheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi, na nikasema moyoni tumekwisha kupita pabaya.

Kwani mimi ndiye niliyekuwa nikiisukuma habari hii. Fahmi alituma salamu kwa Mwalimu kuwa yeye Shehe kamtosha. Mwalimu naye mara mbili aliniambia, "Bi Rahila, mtu hafukui alichofukia mzazi wake." Nikamjibu mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi na methali zangu.

Jumatano baada ya sala ya adhuhuri nikafungua mlango. Tarakimu imesimama, imemaliza. Mwalimu akakaa, akanyoosha vidole, akauliza tuanze na neno gani. Akajaribu "kunyonya". Hapana kitu.

"Baba, hilo hukuliandika wewe," alisema Nusaiba. "Si mbele ya bibi. Andika Kojani."

Kweli. Mwanamme anayesema "nyumbani kwangu" akikusudia mkewe, ataandikaje habari za maziwa ya wanawake, tena mamake ndiye anayemwandikisha? Akaandika Kojani. Hata hakumaliza kubonyeza, faili tatu zikatokea zimepangana. Siku nne tumehangaika, ikaja kabla hujapepesa.

"Si mnaona?" akasema Mwalimu, uso umemnawiri. "Inafanya kazi."

Ya kwanza ilikuwa habari ya kisima. Ya pili akaifungua akaanza kuisoma kimya, kisha akaacha kusoma. Nikamwambia asome. Nusaiba akainama juu ya bega la babake akasoma yeye, kwa sauti ile ile anayowasomea wanafunzi wake imla.

"Na mwanangu Soud mkewe alipougua, mtoto wao wa kike nilimpeleka Kojani, akashiba kifuani pa Masika binti Kificho siku zote kumi na nane, mchana na usiku, pamoja na mwanawe Fahmi. Rahma alitaka, lakini mtoto wake alikuwa na upele, nikakataa. Haya nayasema ili wasije wakaoana."

Mwalimu akavua miwani. "Aliniambia," akasema. "Mimi ndiye niliyeandika. Niliandika ili nisisahau."

Nawaambieni nilichokisema mimi, maana sina wa kumficha. Nilisema, "Funga. Futa. Nani kaona? Hii hii iliyoficha miaka kumi na moja, ifiche tena." Mimi niliyetaka karatasi. Mkono wangu ulikwisha kufika kwenye kipanya, na kutumia sijui.

"Mama," alisema Nusaiba, "mie nimeshasoma."

Akautoa mkono wangu, akauweka mapajani pangu, akaenda kutawadha.

Nilimpigia Shehe Hafidh mwenyewe. Hakunilaumu, na lawama ningeona afadhali. Alasiri Fahmi akaja kutoka Wesha na nguo zake za kazi, akakaa barazani, Mwalimu akampa karatasi aliyoichapa. Aliisoma mara mbili. Akauliza kama tarehe iliyoandikwa juu ni sawa. Mwalimu akamwambia ni sawa. Kisha Mwalimu, ambaye hajui la kusema ila lililo sheria, akasema, "Basi tangu leo wewe ni mwanetu. Hukai tena barazani. Ingia ndani."

Fahmi akavua viatu akaingia. Nusaiba alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alimtazama, akafungua mtandio wake, akaukunja, akauweka juu ya kiti. Fahmi akainamisha macho kwa mazoea, halafu akayainua, kwa kuwa sasa ni nduguye, kumtazama ni halali.

Kwa miaka miwili ya uchumba wao sikuwaachia hata muda wa chai kupoa. Kila alipokuja nilikuwa mlangoni, jicho langu huku na huku, na nikijisifu kwa majirani kuwa mtu hatapata la kusema juu ya mwanangu. Siku ile nikatoka nikawaacha, na mlango sikuusimamia. Nikenda jikoni, nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi bila nazi, nikatega sikio. Nilimuomba Mungu waseme neno, lolote, hata wanitukane mimi. Sikuwahi kujua kuwa nyumba yangu inaweza kukaa kimya kiasi kile na watu wamo.

Baada ya muda mrefu nikamsikia Fahmi anauliza kama kuna maji ya kunywa.

"Yako kwenye friji," Nusaiba akamjibu. "Nenda kachukue mwenyewe."

Akainuka, akapita mbele yangu bila ya kupiga hodi, akafungua friji yetu, akachukua.