Neno Baada ya Nukta

Chama chetu cha mafundi kilikuwa na ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Kulikuwa na meza mbili, feni iliyohitaji fundi na hakuna fundi aliyejitolea, na kompyuta moja niliyoilinda kama mboni ya jicho langu. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Kazi yangu hasa ni friji na viyoyozi, ila wenzangu walinichagua kwa sababu niliweza kuandika barua bila kuomba radhi kila mstari.

Mambo yalianza tulipopata fununu kwamba shirika linalogawa anwani za mtandao limefungua mlango wa maombi mapya. Kile kipande cha mwisho cha anwani ya tovuti, kinachokuja baada ya nukta, sisi tulikiita mkia. Mwenye mkia ndiye anayeamua nani autumie na kwa masharti gani. Mwenyekiti wetu, fundi bomba mwenye sauti ya kupasua ukuta, alisema neno "fundi" ni letu, na kama kuna watu wa kulimiliki basi ni sisi. Tukachanga, tukaomba.

Kumbe hatukuwa peke yetu. Kampuni moja yenye programu ya simu ya kuagizia mafundi ilikuwa imeomba neno lilelile. Wao walitaka kumuuzia anwani yeyote atakayelipa, awe fundi au awe mganga wa mapenzi. Sisi tulitaka mteja akiliona neno hilo mwishoni mwa anwani ajue kwamba upande wa pili yupo mtu anayeijua kazi. Matapeli walikuwa wametuharibia jina vya kutosha. Mimi binafsi nilikuwa nimechoka kuletewa friji ambazo mtu alishajaribu kuzigandua barafu kwa msumari, akatoboa bomba la gesi, akala kona.

Kanuni za shirika zilikuwa hivi. Maombi mawili yakigongana, jopo linaangalia kwanza kama mmoja wa waombaji ni jamii ya kweli, yenye watu wanaojulikana na mipaka inayojulikana. Ikiwa ndivyo, jamii hiyo inapewa neno. La sivyo, wote wanapelekwa mnadani, na huko mnadani kampuni ingetumeza bila kutafuna.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo ni mafundi tu wanaoweza kulifanya. Tuliulizwa, mwanachama wenu anatambulikaje? Mwenyekiti akaniambia niandike kwamba fundi anatambuliwa na mafundi wenzake, na kamati nzima ikakubali kwa kichwa. Kwetu ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mtu mpya alikuja na kazi yake mkononi, sisi tukaifungua, tukaichungulia ndani, tukaguna, tukaifunga. Akiambiwa avute kiti anywe chai, ameshakuwa mwanachama. Asipoambiwa, anajua mwenyewe pa kupita. Tulieleza yote hayo, mpaka na chai. Jopo likajibu kwa adabu kwamba limesoma na halijaelewa. Waliuliza mtu wa nje atajuaje.

Wakili wetu, mama mmoja mpole aliyekuwa akitusaidia kwa sababu mwenyekiti aliwahi kuokoa nyumba yake isifurike, akasema dawa ipo. Tuandike kwamba fundi ni mtu mwenye cheti cha chuo cha ufundi kinachotambulika. Ni mstari mmoja tu, alisema, na mtu yeyote anauelewa.

Papo hapo nilijua mstari huo unamwacha nani nje. Baba yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Waya, ni fundi redio, na ni mmoja wa watu waliokianzisha chama hicho. Ufundi aliupata kwa kuchuchumaa pembeni ya fundi mwingine miaka na miaka, akishika taa, akishika koleo, hadi siku moja akaachiwa meza. Cheti hana na hajawahi kukitafuta. Changu mimi, yeye ndiye aliyekilipia, kwa kulehemu waya za watu. Niliyasema hayo kwenye kamati, tena si kwa sauti ndogo. Mwenyekiti akanijibu kwamba wazee wa aina yake tutawaingiza baadaye kwa mlango wa heshima, tukishalipata neno. Mlango wa heshima ukatutuliza wote. Nikauandika mstari, nikautuma, na kwa kanuni za shirika ukawekwa mtandaoni pamoja na maombi yetu, kila mtu ausome.

Nyumbani sikusema kitu. Tunaishi wawili, mimi na baba, tangu mama alipofariki, na mezani huwa tunaongea juu ya kila kitu, kuanzia bei ya betri hadi ndoa za majirani. Nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya makaratasi na yatamchosha bure.

Asubuhi ya siku ambayo jopo lingetusikiliza sisi na kampuni, baba aliniomba nimpigie pasi shati lake jeupe. Alisema ana miadi. Nikalipiga pasi haraka haraka huku nikirudia maneno yangu kichwani, nikamwachia kwenye kiti, nikatoka mbio.

Shauri lilisikilizwa kwa kompyuta. Tulibanana watatu mbele ya kioo, mwenyekiti, wakili na mimi, na wajumbe wa jopo wakaonekana kila mmoja ndani ya kisanduku chake. Wakili alizungumza vizuri. Mimi nilieleza habari za matapeli na friji zilizotobolewa, hata mjumbe mmoja akacheka. Nilianza kuamini kwamba tumeshinda. Kisha msemaji wa kampuni, bwana mmoja wa tai aliyetabasamu kila alipopumua, akasema pingamizi lao ni fupi. Chama kinachowafungia nje mafundi wa kweli hakiwezi kudai kwamba kinawasemea mafundi. Walikuwa na shahidi mmoja.

Kisanduku kipya kikafunguka. Alikuwa baba, ameketi kwenye kiti kikubwa cheusi cha ofisini, amevaa lile shati jeupe. Alikuwa akitazama pembeni kidogo ya kamera, kama afanyavyo mtu asiyeizoea. Mwenyekiti akanikanyaga mguu chini ya meza, sijui kwa hasira au kwa mshtuko.

Kiongozi wa jopo alimuuliza kazi yake. Akasema ni fundi redio. Alipoulizwa kama ana cheti, alisema hana. Alipoulizwa kama ni mwanachama wetu, alifikiri kidogo.

"Nilikuwa," alisema. "Sasa hivi sijui. Waulizeni wao."

Kiongozi wa jopo akatugeukia. "Swali linakwenda kwa chama. Kwa maelezo yenu mliyoyaleta, mzee huyu si fundi. Ndivyo mnavyosema?"

Mwenyekiti, ile sauti yake yote ikiwa imemtoka, akaisukuma kompyuta upande wangu na kunong'ona kwamba katibu ataeleza. Wakili akaniambia chini chini niseme kwamba suala la wazee linashughulikiwa. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Hayakuwa uongo mtupu, na huenda yangetuvusha. Nilimtazama baba kwenye kile kisanduku, na safari hii alikuwa ameipata kamera, ananitazama usoni.

"Ni fundi," nikasema. "Ndiye aliyenifundisha mimi."

"Kwa hiyo maelezo yenu si sahihi?"

"Si sahihi."

Kiongozi wa jopo akashukuru, akasema uamuzi utaletwa kwa maandishi, lakini hakutuficha kwamba jamii isiyoweza kusema nani ni wake haiwezi kupewa kipaumbele. Neno litakwenda mnadani. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa maana ya hilo. Mwenyekiti aliniambia nimewauza wenzangu kwa ajili ya baba yangu. Nikamwambia kompyuta ilikuwa mbele yake yeye, na koo lililokauka lilikuwa lake. Mpaka leo tukikutana ngazini tunasalimiana kwa kukohoa.

Nilifika nyumbani jioni nimefura. Baba alikuwa ameshavaa nguo zake za kazi na ameshapika. Alinipakulia, nikala matonge mawili, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia miaka yote ya jasho letu imekwenda na maji. Nikamwambia wale watu walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kwamba kesho neno lile litauzwa kwa wezi walewale wanaomharibia kazi yeye mwenyewe.

Hakubisha. Alisema hilo analijua, tena aliwaambia hukohuko ofisini kwao, wakacheka wakampa soda.

"Sasa kwa nini, baba?"

Aliweka kijiko chini. "Mama," akasema, maana akitaka nitulie ndivyo anavyoniita, "yule bwana wa tai alikuja mpaka kwenye meza yangu. Akaniuliza, mzee, wewe ni fundi au si fundi? Nikamwambia mimi ni fundi. Akasema, basi twende ukawaambie. Nikaenda."

"Ungeniambia kwanza. Tunalala nyumba moja."

"Tunalala nyumba moja," alisema. "Na aliyeniuliza ni yule wa mbali."

Nilitaka kumjibu kwamba ilikuwa kamati, ilikuwa kura, kulikuwa na mlango wa heshima. Nilisikia aibu imenipanda hadi masikioni. Nikamwambia samahani, baba, na yeye akanisogezea bakuli la mboga, akaniambia nile, chakula kinapoa.